Wabunge wa Colorado na ozoni: wanachunguza nini, na sisi tunaingilia wapi?

mama_neema (Aurora)

Habari zenu wote. Mimi ninalea watoto wa watu nyumbani kwangu, wadogo wadogo, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane simu haiishi kuniletea ile tahadhari ya ozoni: wenye pumu wasitoke mchana, petroli jaza jioni, nyasi kata jioni. Ninatii. Tatizo ni kwamba saa zinazokatazwa ndizo zile jua linapowaka na anga ni buluu, na mtoto wa miaka minne haelewi kwa nini anafungiwa. Mmoja wao anatembea na pampu yake ya pumu kwenye begi, na huyo simwachii hata dakika kumi.

Sasa kikundi cha majirani kimeniomba nikaseme mbele ya wabunge wa jimbo pale Denver kikao kikianza Januari. Sikatai, ila nataka kuelewa kwanza. Viwango vya hewa si vinawekwa na serikali kuu? Mbunge wa jimbo ana nini mkononi? Na kwa nini kila nikisikia habari ya ozoni nasikia kamati imeundwa kuchunguza, wakati wanasayansi walishachunguza miaka mingi? Mlezi wa watoto kama mimi atawaambia nini ambacho hawajakisikia?

dereva_wa_weld (Greeley)

Mama Neema, salama. Nitakujibu kirefu, nivumilie, maana jambo hili nimelifuatilia tangu 2023. Mimi naendesha lori la tangi, nabeba maji machafu yanayopanda pamoja na mafuta kwenye visima vya Kaunti ya Weld. Vikao vya kamati za bunge letu hurushwa sauti mtandaoni na yeyote anaweza kuvisikiliza, kwa hiyo nilikuwa nikiendesha huku nawasikiliza. Nakwambia mapema kwamba chakula cha watoto wangu kinatoka kwenye mafuta, ili ujue anayesema ni nani.

Kwanza kitu chenyewe. Ozoni hii ya chini haitoki kwenye bomba lolote. Hutengenezeka hewani pale vitu viwili vinapokutana chini ya jua kali: oksidi za nitrojeni, ambazo hutoka kwenye injini, mitambo ya kusukuma gesi, maboila na kila kinachounguza mafuta, na mivuke ya kaboni, yaani petroli inayovukika, mafuta ghafi, rangi, viyeyushi. Ukijaza petroli saa nne asubuhi, mvuke ule unapata mchana mzima wa jua wa kufanya kazi. Ukijaza saa kumi na mbili jioni jua limeshachoka. Ndiyo sababu ya ujumbe unaoupata. Na ndiyo sababu anga ya buluu hudanganya, kwani ozoni haina rangi ya kuonekana kama moshi.

Visimani nauona mwanzo wake kwa macho. Kifuniko cha juu cha tangi kikifunguliwa siku ya joto, hewa juu yake inatetemeka. Hakuna moshi wala moto, hewa tu inayotetemeka. Ule ndio mvuke wenyewe.

Sasa sheria. Ni kweli kwamba kiwango huwekwa na EPA, shirika la mazingira la serikali kuu, chini ya Sheria ya Hewa Safi ya 1970. Mwaka 2008 waliweka sehemu 75 kwa kila bilioni, mwaka 2015 wakashusha hadi 70. Hawaangalii siku moja mbaya. Kila kituo cha vipimo kinachukua wastani wa saa nane, halafu inatazamwa siku ya nne kwa ubaya katika mwaka, halafu wastani wa miaka mitatu. Eneo letu ni kaunti tisa, Denver na jirani zake mpaka Larimer na Weld, na limekuwa likifeli. Kuna ngazi tano za kufeli. Mwishoni mwa 2019 EPA ilitushusha ngazi ya tatu kwa kiwango kile cha 2008, na mwaka 2022 ikatushusha ya nne. Tarehe ya mwisho ya kufikia kiwango hicho ni 20 Julai 2027.

Kila ngazi inakuja na adhabu zake bila mbunge yeyote wa Colorado kupiga kura. Tulipofika ya nne, mtambo unaohesabiwa kuwa mkubwa na kuhitaji kibali kizito cha serikali kuu ulishuka kutoka tani 50 za uchafuzi kwa mwaka hadi tani 25. Petroli ya kiangazi ilibidi iwe ya mchanganyiko maalumu kuanzia 2024. Tukikosa tarehe ile ya 2027, sheria inataka mitambo mikubwa itozwe ada kwa kila tani inayozidi. Hayo yote yanajiendesha yenyewe.

Swali lako zuri ni: basi mbunge wa jimbo amebaki na nini? Amebaki na kilicho chini ya tani 25, na mimi nadhani huko ndiko ozoni yetu iliko. Eneo moja la visima likitoa tani chache, halimhusu mtu wa kibali kikubwa. Lakini katika safari moja mimi napita maeneo kama hayo mengi, kila moja limekaa chini ya mstari, na juu yao kuna magari yote ya barabara ya I-25. Serikali kuu inaiambia Colorado ipunguze. Haiiambii imbane nani. Kuamua nani abanwe, kwa kasi gani na nani alipie, huo ni uamuzi wa kisiasa, na kamati zile huundwa kwa ajili hiyo. Kemia wanaletewa na wataalamu. Wanachokitafuta wao ni mahali pa kukata.

Angalia lililotokea. Mwaka 2023 ulikuja muswada HB23-1294 (HB ni muswada ulioanzia kwa wawakilishi, SB ulioanzia kwa maseneta, na 23 ni mwaka) ukiwa na mambo mazito kuhusu vibali. Njiani ulipunguzwa sana, na moja ya vilivyobaki ikawa kamati ya kukutana nje ya msimu wa bunge kuhusu ozoni. Wengi walikasirika wakasema wametupwa kwenye kamati. Nilikasirika nami. Lakini kiangazi kile na vuli lile, maseneta na wawakilishi wa vyama vyote viwili walikaa wakawasikiliza watu wa idara ya hewa, baraza la mkoa la ubora wa hewa, watu wa kampuni za mafuta, wanaharakati, wakaazi. Walipomaliza walikuwa na miswada, na Januari 2024 iliingia bungeni ikiwa tayari imeandikwa.

Msimu huohuo ikaja na mingine mizito. HB24-1330 ulitaka kubadilisha jinsi vibali vinavyotolewa, ili uchafuzi wa vyanzo vidogo vidogo usitazamwe kana kwamba kila kimoja kiko peke yake duniani. SB24-165 mwanzoni ulitaka kazi za kuchimba visima vipya zisimame miezi ya ozoni. Huo wa pili ulinigusa mfukoni. Kijana wangu aliniuliza kama nitakosa kazi, nikamwambia sijui.

Kisha mwishoni mwa Aprili, siku chache kabla msimu kufungwa, ikatangazwa kwamba gavana Polis, viongozi wa bunge, kampuni za mafuta na vikundi vya mazingira wamekubaliana. Miswada ile ikawekwa pembeni, na kura za maoni ambazo pande zote mbili zilikuwa zinaziandaa zikaondolewa. Badala yake ikapita miwili. SB24-229 uliingiza kwenye sheria lengo la kupunguza oksidi za nitrojeni kutoka uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 50 ifikapo 2030, ikilinganishwa na 2017. Lengo hilo lilikuwa tayari kwenye agizo la gavana la 2023, lakini agizo la gavana huondoka na gavana. SB24-230 uliweka ada kwa kila pipa na kila kipimo cha gesi, asilimia 80 ya fedha iende kwenye mabasi na treni, 20 kwenye wanyamapori na ardhi.

Mimi nasema ilikuwa hatua kubwa, na nasema vilevile kwamba suala la vyanzo vidogo kujumlishwa pamoja, ambalo kwangu ndilo moyo wa jambo, liliwekwa pembeni pamoja na miswada ile. Hilo ndilo ningependa likasemwe Januari.

fundi_nyasi (Longmont)

Kaka dereva umeeleza vizuri, lakini kuna upande mnauruka. Sehemu kubwa ya hii ozoni haitoki hapa. Kuna inayovuka bahari kutoka Asia, kuna inayoshuka kutoka tabaka la juu la hewa kwa kuwa tuko juu sana, na kiangazi moshi wa misitu ya California unatufikia mpaka mlangoni. Jimbo halina uwezo juu ya lolote katika hayo. Wakishindwa huko wanarudi kwetu wadogo. Mimi nina biashara ya kutunza bustani, mashine zangu nyingi ni za petroli, na ile kelele ya kupiga marufuku mashine za petroli ilininyima usingizi. Betri ya mashine ya kupuliza majani haimalizi hata mtaa mmoja. Mnaposema vyanzo vidogo vijumlishwe, ni mimi mnanijumlisha.

mwalimu_halima (Fort Collins)

Hamjambo nyote. Mimi nafundisha kemia sekondari, naomba niingie hapa.

Kaka fundi hakukosea kuhusu ozoni inayotoka nje. Ipo, na siku ya moshi mkubwa inaonekana kwenye vipimo. Sheria yenyewe inaruhusu jimbo kuomba siku za moshi wa moto zisihesabiwe, likileta ushahidi. Ila huo uzito wa nje hausemi chochote kuhusu sehemu ya juu yake, ile inayotuvusha mstari. Mwaka 2014 wanasayansi wa kituo cha utafiti wa anga cha NCAR kule Boulder, pamoja na NASA, waliruka na ndege juu ya eneo hili kiangazi wakipima hewa. Walichokuta ni kwamba kwa ozoni inayozaliwa hapahapa, wachangiaji wawili wakubwa ni magari na mafuta na gesi. Kazi ile inarejewa mpaka leo kwa sababu inajibu hoja yako moja kwa moja. Na Machi 2019 gavana Polis aliondoa ombi ambalo jimbo lilikuwa limepeleka EPA la kuongezewa mwaka, ombi lililosimama juu ya hoja hiyohiyo ya hewa kutoka nje ya nchi. Alijua kuliondoa kutatushusha ngazi, na ngazi ikashuka kweli. Mimi namheshimu kwa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo wabunge huchukua muda kulielewa, na wanafunzi wangu pia. Ozoni haiwi nyingi palipo na magari mengi. Katikati ya mji, moshi mbichi wa injini huila ozoni iliyo karibu nao. Hewa hiyo ikisukumwa na upepo wa mchana kuelekea milimani, njiani inaiva. Ndiyo maana vituo vinavyosoma vibaya zaidi ni vya magharibi na kusini: Rocky Flats, NREL pale Golden, Chatfield. Mtu wa Golden anavuta hewa iliyoanzia kwingine kabisa. Kwa hiyo mbunge anayesema wilaya yangu haina viwanda, jambo hili halinihusu, aonyeshwe ramani ya upepo. Na sheria ya kupunguza kitu kimoja tu kati ya vile viwili inaweza isifanye kazi mahali fulani, au hata ikapandisha ozoni kwa muda. Los Angeles waliwahi kuona ozoni ikipanda mwisho wa juma, malori yakiwa machache. Kwa sababu hiyo mimi sioni kosa mbunge kutaka kuchunguza kabla ya kuandika. Mwenye haraka hapa huandika sheria inayohamisha tatizo.

Kule Utah, bonde la Uinta, ozoni hupanda majira ya baridi! Theluji inarudisha mwanga juu, hewa baridi inakaa bondeni kama chini ya kifuniko, na visima vinaendelea kutoa mvuke. Ukichukua sheria ya Denver inayobana kiangazi ukaipeleka kule hivyo ilivyo, haiwasaidii kitu. Hakuna namna, kila jimbo lazima lijichunguze lenyewe.

Lakini uchunguzi usiwe mahali pa kujificha. California walipitisha sheria ya wilaya za kudhibiti hewa mwaka 1947, kabla ya mtu yeyote kujua ule ukungu wa Los Angeles unatengenezwaje. Aliyeligundua alikuwa Arie Haagen-Smit, mtaalamu aliyekuwa akichunguza harufu ya nanasi katika chuo cha Caltech. Alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari, vikikutana na jua, ndivyo vinavyozaa ozoni, na kampuni za mafuta zikampinga. Mwaka 1967 jimbo lilipounda bodi yake ya hewa, yeye akawa mwenyekiti wa kwanza. Wabunge wale walianza na walichokuwa nacho, wakarekebisha elimu ilipokuja.

Kuhusu mashine zako, kaka, pumua kidogo. Kanuni iliyopitishwa Februari 2024 inazihusu taasisi za serikali, matumizi ya miezi ya Juni hadi Agosti, kuanzia 2025. Pendekezo la kuzuia kuuza mashine za petroli halikupita. Na kwa SB23-016 duka linaweza kukupunguzia asilimia 30 kwenye mashine ya umeme hapohapo unapolipa. Najua betri bado ni shida kwa mtu wa kazi ya siku nzima. Hiyo ndiyo aina ya jambo ambalo wabunge hawalijui mpaka fundi aende akawaambie betri inaisha saa ngapi.

fundi_nyasi (Longmont)

Ahsante mwalimu, hilo la serikali tu sikulijua, nilisikia marufuku nikadhani ni yetu sote. Bado nasimama pale pale kwamba mwenye mashine mbili asilinganishwe na mwenye visima mia mbili. Kama kujumlisha kwenyewe ni kwa visima, sina ugomvi.

dereva_wa_weld (Greeley)

Ni kwa visima, kaka. Na mimi ninayefanya kazi huko ndiye ninayeomba. Tangi lililofungwa vizuri halinifukuzi kazini. Mvuke ule kabla haujafika Golden unapita puani mwangu mimi, na wenzangu tunajua mtu akishuka juu ya tangi anaumwa kichwa.

Mama Neema, nirudi kwako. Uliuliza utawaambia nini. Hapa Colorado kuna jambo ambalo majimbo mengi hayana: mwaka 1988 wananchi walipiga kura kwamba kila muswada lazima usikilizwe na kupigiwa kura katika kamati. Mwenyekiti hawezi kuuweka kwenye droo ukafa kimya. Na kila muswada ukisikilizwa, mtu yeyote anaruhusiwa kujiandikisha na kusema, awe na karatasi za uraia au asiwe nazo. Watakupa dakika mbili au tatu, saa nyingine chini ya hapo watu wakiwa wengi. Kwa hiyo usianze na historia ya maisha wala kemia. Taja namba ya muswada, sema unauunga mkono au unaupinga, na utaje kifungu kimoja.

Halafu wape kile ulichotuandikia sisi hapa. Nilisikia watu wengi sana wakizungumza katika vikao vile, na waliokuja na hasira tupu maneno yao yalipita. Aliyesema jambo ambalo ripoti haina, utasikia mbunge anamuuliza swali. Ripoti ina tani na sehemu kwa bilioni. Haina saa ambazo watoto wadogo wanafungiwa ndani Aurora ilhali wana uwanja. Haina swali la nani anakulipa kwa chumba kikubwa cha ndani unachohitaji miezi mitatu ya mwaka. Wakikuuliza, jibu kifupi na kweli.

Na bunge si mlango pekee. Sheria ikishapita, kanuni yenyewe, yenye namba na tarehe, inaandikwa na tume ya hewa ya jimbo, na tume hiyo nayo husikiliza watu. Kwenye chumba kile wa kampuni huja na mawakili, na viti vya watu kama sisi huwa vitupu. Kama una nguvu za mahali pamoja tu, mimi ningekwambia nenda kwenye tume. Sheria ya haki ya mazingira ya 2021, HB21-1266, inazitaka taasisi hizi ziwafikie watu wa maeneo yanayoumia zaidi, basi waulize kwa maandishi wamewafikia vipi Waswahili wa Aurora. Swali la maandishi huacha kumbukumbu.

mama_neema (Aurora)

Mungu awabariki. Mwalimu, la upepo limenifungua macho, nilidhani hewa ya kwangu ni ya kwangu.

Nimeanza daftari leo. Kila tahadhari ikija naandika tarehe, saa tuliyoingia ndani, saa tuliyotoka, na kama yule mtoto alihitaji pampu. Wazazi wake nitawaomba ruhusa kwanza, na jina lake halitatajwa popote. Shida yangu moja: kamati ikikaa mchana wa siku ya kazi, mimi nina watoto sita sebuleni. Siwezi kuwaacha.

dereva_wa_weld (Greeley)

Unaweza kusema kwa mtandao ukiwa nyumbani, unajiandikisha kwenye tovuti ya bunge na kuchagua kuzungumza kwa mbali. Au tuma maandishi, nayo huingia kwenye kumbukumbu za kamati na kila mbunge wake huyapata. Ukichagua kusema kwa mtandao usiwafukuze watoto chumbani. Wacha wasikike.

mwalimu_halima (Fort Collins)

Mimi nitakusaidia kuyaandika kwa Kiingereza kama utapenda, Mama Neema. Nitumie kurasa za daftari Septemba ikianza, tuwe na Oktoba na Novemba za kuyanyoosha.